Pampu ya joto kW 12 na paneli 14: zitabeba nyumba baridi ikifika -18?

Kipupwe72:

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wanaoyajua mambo haya.

Nyumba ni ya mita za mraba 140, kuta za matofali, madirisha ya vioo viwili, juu ya dari kuna pamba ya kuhami ya sentimita 12 tu. Inapashwa na boila ya mafuta inayokula lita 2,200 kwa mwaka, maji ya kuogea yakiwemo, na joto linasambazwa na radieta za chuma. Januari kwa kawaida ni kati ya 0 na -8, lakini hazikosi siku kadhaa za -18, na -20 imewahi kufika.

Pendekezo nililoletewa: pampu ya joto ya hewa kwa maji (inachota joto la hewa ya nje na kulipeleka kwenye maji ya radieta), kW 12. Paneli 14 za sola za wati 430, zote kwenye mnyororo mmoja. Inveta ya kW 5 yenye kikomo cha volti 600. Betri ya lithiamu ya uniti (kWh) 10. Muuzaji anasema paneli zitazalisha kwa mwaka karibu sawa na pampu itakachokula, kwa hiyo nyumba "itajipasha yenyewe". Je, kW 12 inatosha? Radieta za zamani zinaweza kubaki? Na hiyo hesabu ya mwaka ni ya kweli?

fundi_valvu:

Mkuu Kipupwe, kabla ya kuuliza kama 12 inatosha, muulize muuzaji: 12 kwenye nyuzi ngapi?

Namba hiyo mara nyingi hupimwa hewa ya nje ikiwa +7 na maji yakitoka na nyuzi 35. Nje kukipoa, kompresa inakuta joto kidogo la kuokota, na pampu ya 12 inaweza kushuka hadi 8 au hata 7 kwenye -15 huku maji yakitakiwa 45. Zile zinazodunga mvuke wa gesi katikati ya mgandamizo hazishuki sana. Kwa hiyo dai jedwali la kiwandani, si kipeperushi, na usome mstari wa -15 au -20 kwenye safu ya maji 45.

Halafu linganisha na mzigo wa nyumba, ambao unaweza kuupata kwenye mafuta yako mwenyewe. Lita moja ina takriban uniti 10, kwa hiyo lita 2,200 ni uniti 22,000. Boila ya kawaida ikipoteza 15%, zinabaki 18,700. Ondoa kama 3,000 za maji ya kuogea, nyumba inabaki na 15,700. Gawa kwa saa 2,100, kigawanyo cha kukadiria kwa hali ya hewa ya namna hiyo, unapata karibu kW 7.5 siku ya -18. Hiyo ndiyo shabaha.

Sasa geuza shilingi upande wa pili. Chukulia nyumba haihitaji kupashwa nje ikiwa 16. Kutoka 16 hadi -18 ni nyuzi 34, yaani kila nyuzi moja inadai kW 0.22. Siku ya +7, ambazo ni nyingi kuliko za -18, nyumba inataka kW 2 tu. Kama pampu haiwezi kujipunguza chini ya kW 4.5, itawaka na kuzima kutwa kucha, na kinachochosha kompresa ni huko kuwaka mara kwa mara kuliko baridi yenyewe. Ndiyo maana pampu inayobeba nyumba hadi -12 hivi (hapo mzigo ni kW 6.2), ikisaidiwa na hita ya umeme kwa saa chache za baridi kuu, mara nyingi hukaa vizuri kuliko lijitu lisilojua kutembea polepole.

Radieta: bandiko la wati zake hupimwa maji yakiingia 75 na kutoka 65, chumba kikiwa 20. Ukiipa maji ya 55 yakirudi 45, inatoa takriban 51% ya namba hiyo. Ukiipa 45 yakirudi 40, ni 35%. Radieta ya wati 2,000 inakuwa ya wati 700. Usiibadilishe bado. Pima kwanza mzigo wa kila chumba, kisha badilisha zile mbili tatu zinazopungukiwa, uweke za bati mbili au tatu zenye mapezi katikati. Karibu kila nyumba ina chumba kimoja kinacholazimisha mfumo mzima upandishe maji, na kila nyuzi moja unayoipandisha inakula kama 2% hadi 2.5% ya ufanisi.

Jaribio lisilohitaji kununua kitu: siku ya baridi kali, fungua valvu zote za radieta, shusha boila hadi 50, acha siku mbili. Chumba kitakachobaki baridi ndicho chenye deni. Siku mbili tu lakini. Boila ya mafuta ya zamani ikirudishiwa maji ya baridi kwa muda mrefu, mvuke ulio kwenye moshi unageuka maji ndani yake na chuma kinaoza.

Na hiyo pamba ya sentimita 12 iongezwe ifike 30 kabla ya kununua chochote. Ukiongeza baadaye, utakuwa umeshanunua pampu kubwa kuliko nyumba.

MwanaSola:

Nachukua upande wa paneli. Muuzaji hajadanganya, ila amechagua kipimo kinachomfaa.

Paneli 14 × wati 430 ni kW 6. Kwenye latitudo ya 50 hivi, kila kW ya paneli iliyoelekea jua vizuri inatoa kama uniti 950 kwa mwaka, jumla 5,700. Joto lote la uniti 18,700 ukiligawa kwa COP ya 3 (uniti moja ya umeme kuleta uniti tatu za joto, wastani wa msimu mzima) unapata 6,200. Kweli zinakaribiana.

Sasa fungua mwezi mmoja. Januari nyumba inaweza kutaka uniti 2,900 za joto pamoja na maji, na COP ya mwezi huo ni karibu na 2.5. Umeme: 1,160. Paneli zako Januari zitatoa labda 150 hadi 180, theluji isipozilalia. Kwa siku hiyo ni uniti 37 za kula na 5 au 6 za kuzalisha, na hizo 5 zitamezwa na friji, taa na jiko kabla pampu haijanusa. Betri ya uniti 10 haina cha kuchaji. Zile uniti 5,700 zipo, lakini nyingi ni za kiangazi, wakati pampu inapasha maji ya kuogea tu. Hakuna betri ya nyumbani inayobeba Julai hadi Januari.

Kwa hiyo gridi ndiyo itakayokupasha katikati ya baridi. Machi, Aprili na Oktoba ndiyo miezi ambayo paneli na pampu zinakutana kweli.

Kosa kubwa zaidi kwenye pendekezo lako ni jingine, na ni la kuunguza kifaa. Volteji ya paneli hupanda kukiwa na baridi. Tuseme paneli ni ya volti 39 bila mzigo kwenye nyuzi 25, na badiliko lake ni 0.25% kwa kila nyuzi. Kwenye -20 tofauti ni nyuzi 45, sawa na 11.25%, yaani volti 43.4. Kwenye mnyororo mmoja volti hujumlishana: mara 14 ni 607. Inveta yako kikomo 600. Asubuhi ya kwanza ya -20 yenye jua kali, kabla inveta haijaanza kuvuta mzigo, unaweza kuiua, na udhamini hautakulipa kitu. Soma karatasi ya paneli yako hasa, maana namba hutofautiana.

Gawanya: minyororo miwili ya paneli saba saba, mradi inveta ina viingilio viwili vinavyojitegemea na volti zake za kuanzia ziko chini ya 250. Saba zikae paani, na saba nyingine, kama kuna ukuta wazi unaotazama jua la mchana, zifungwe wima ukutani. Desemba kwenye latitudo hiyo jua la adhuhuri liko nyuzi 16 na nusu tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo paneli ya wima inalitazama karibu uso kwa uso, na theluji haikai juu yake. Iinue mita moja kutoka ardhini ili theluji inayoporomoka isiizike. Kwa mwaka mzima itazalisha kidogo kuliko ya paani. Inakubaliwa, kwa sababu unachokitafuta ni uniti za Desemba.

Baridi_bin_Barafu:

Chimba ardhi tu, umalize. Pampu ichote joto ardhini badala ya hewani: kisima cha mita 120 kinatoa kama wati 50 kwa mita, kW 6, pampu inaongeza 2 zake, una 8 bila feni wala barafu. Kwenye -18 haitikisiki.

fundi_valvu:

@Baridi_bin_Barafu ukweli mtupu kwenye udongo unaofaa na kiwanja kinachopitisha mtambo wa kuchimbia. Ila radieta zikidai maji ya 55, hata kisima hakitamwokoa na COP mbovu. Maji yashushwe kwanza, chanzo kifuate.

Kipupwe72:

Nimeelewa, ahsanteni sana. Mawili zaidi. Nimeona kifaa cha nje kimevaa barafu nyeupe mbele na nyuma, halafu ghafla kinafuka kama moshi. Ni ubovu? Na umeme ukikatika usiku wa -18, betri itaokoa?

fundi_valvu:

Huo si moshi, ni mvuke, na si ubovu. Unyevu wa hewa unaganda kwenye mapezi, kukawa na ukoga wa barafu unaoziba njia ya upepo. Valvu ya njia nne inageuza mwelekeo wa gesi, feni inasimama, joto linachotwa kwenye maji ya nyumba na kupelekwa nje kuyeyusha. Dakika 3 hadi 10, kisha kazi inaendelea. Barafu inashamiri zaidi nje kukiwa 0 hadi 4 na ukungu kuliko kwenye -15 kavu. Ubovu ni pale barafu inapobaki chini baada ya kuyeyusha na kupanda kila siku kidogo kidogo, hadi feni inaigonga.

Chanzo chake karibu kila mara ni maji yasiyo na pa kwenda. Inua kifaa sentimita 30 hadi 50, juu ya kimo cha theluji ya kwenu, kwenye vyuma na si kwenye zege bapa. Chini yake mwaga kokoto zilizoshuka chini ya kina ambacho ardhi huganda. Usifunge bomba jembamba la kutolea maji bila waya wa kulipasha, litaganda usiku wa kwanza. Kisikae chini ya ukingo wa paa unaodondosha, wala karibu na njia ya watu. Nyuma acha nafasi iliyoandikwa kitabuni, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30, na usikijengee kibanda: kitakuwa kinavuta hewa ile ile baridi kilichoitema.

Kuyeyusha kunahitaji maji ya kutosha ndani. Lita 50 zikishuka nyuzi 10 zinatoa karibu uniti 0.6. Valvu za thamostati zikijifunga vyumbani joto likitosha, maji yanayozunguka yanabaki machache, kuyeyusha kunakatika katikati, hita inaruka kuokoa, na bili inapaa bila mtu kujua kwa nini. Acha radieta nyingi wazi. Zikiwa hazitoshi, weka tangi dogo kwenye bomba la kurudi, lenye mabomba mawili tu. Tangi la mabomba manne huchanganya maji moto na yaliyopoa, ukalazimika kuyapandisha tena.

Angalia pia unene wa bomba. kW 8 kwa tofauti ya nyuzi 5 kati ya maji ya kwenda na ya kurudi ni lita 23 kwa dakika. Bomba la shaba la milimita 22 litapiga kelele kwa mwendo huo, 28 linatulia. Mfumo wa zamani usafishwe matope, na chujio la sumaku liwekwe kwenye bomba la kurudi, la sivyo wiki ya pili unapata hitilafu ya mtiririko mdogo.

Ukishawasha, mstari wa joto (mpangilio unaopandisha joto la maji kadiri nje kunavyopoa) uuanzie maji 45 kwenye -15 na 28 kwenye +15. Vyumba vikiwa baridi pandisha nyuzi moja, subiri siku mbili, ndipo uguse tena. Usizime usiku: asubuhi pampu itakimbilia maji ya moto sana au hita, na ulichookoa kinarudi na riba.

MwanaSola:

La kukatika kwa umeme. Pampu kwenye -18 inavuta karibu kW 3.75 ikitoa 7.5. Inveta ya kW 5 inaibeba, kwa sharti iwe na njia ya kutoa umeme wa dharura, na hita ya umeme, tuseme ya kW 6, isiwe kwenye mkondo huo, maana ikiwaka tu inveta inajizima. Betri nzima kwa mwendo huo ni saa mbili na nusu. Kwa hiyo kupasha nyumba haitoshi, ila kuzuia maji yasigande nje inatosha. Pampu ya kuzungusha maji inakula kama wati 50. Weka akiba ya uniti 3 isiyoguswa na una saa 60 za mzunguko, pungufu kidogo kwa sababu mtambo wa udhibiti nao unakula.

Betri ikiisha, kinachobaki ni valvu za kuzuia kuganda: mbili, moja kwenye bomba la kwenda na moja la kurudi, nje, sehemu ya chini kabisa. Maji yakifika nyuzi 3 zinafunguka na kuyamwaga kabla hayajapasua kibadilisha joto. Zisifunikwe kwa sponji ya kuhami, na zisitumike kwenye mfumo wenye glaikoli (kimiminika cha kuzuia maji yasigande), utamwaga glaikoli yote chini. Ukichagua glaikoli, 40% inalinda hadi karibu -21, lakini ni nzito kusukuma na inabeba joto pungufu.

Na betri ikae ndani. Lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti haichajiwi chini ya 0, kidhibiti chake kitakataa, na hizo uniti 5 za Januari zitapita hivi hivi.