Gugu maji la kwenye beseni limevimba vikonyo, la ziwani halijavimba. Ni aina mbili?

MamaWawili, Mwanza:
Habari za jioni wakuu. Mwanangu wa darasa la tano kaambiwa apeleke shuleni mmea wa majini aeleze unavyoishi humo. Wiki tatu zilizopita nilimwokotea gugu maji moja ufukweni, tukaliweka kwenye beseni uani. Lilikuwa refu, vikonyo vyembamba. Sasa majani mapya yanatoka na vikonyo vilivyovimba kama kitunguu! Mmea ni ule ule. Nimwambie aandike nini?

Fundi Mitumbwi:
Aina moja tu hiyo, dada. Kule ziwani limebanana na wenzake, wanashikiliana, hata boya halilihitaji. Linachogombania ni jua, basi linarefuka. Kwenye beseni liko peke yake, likirefuka litapinduka, kwa hiyo linajitengenezea boya lake. Akate kikonyo kimoja aone ndani: sponji tupu iliyojaa hewa. Mizizi nayo ile ya manyoya haishiki tope, inaning'inia tu na kufyonza chakula majini. Ndiyo maana upepo ukigeuka, usiku mmoja mwalo mzima umezibwa, mitumbwi haitoki. Lilitoka Amerika Kusini, na kufikia 1990 lilishaonekana humu ziwani.

Pwani Kwetu:
Aongeze yungiyungi. Lenyewe limejichimbia topeni, jani ndilo linaelea, na vitundu vya kupumulia viko upande wa juu; miti mingi ya nchi kavu inavyo chini ya jani. Bua lake lina mirija ya hewa mpaka kwenye mzizi. Huku kwetu kuna mchu, aina ya mkoko: unaishi kwenye maji ya bahari, chumvi unaitoa majanini. Lamba jani wakati wa kiangazi, utaniambia.

MamaWawili:
Mchu Mwanza nitautoa wapi jamani 😂 Yungiyungi tutalitafuta Jumamosi.
Kikonyo tumekata. Kipande kimegoma kuzama, na mtoto akikiminya chini ya maji kinatoa mapovu madogo madogo. Kaminya vinne, nimemnyang'anya kisu. Baba yake kapita akauliza nani anachezea vitunguu.

Fundi Mitumbwi:
Safi. Ila mkimaliza msilimwage mtaroni, mtaro unaishia ziwani. Lianikeni juani likauke kabisa.