Minotaur mmoja, "1/50" sita: chapa za "toleo maalumu" zinatulaghai mchana kweupe

Wakuu, imetosha. Chapa, yaani picha za sanaa zilizochapwa, za Medusa, Icarus na Minotaur wa hekaya za Kigiriki, zenye namba za toleo, zimejaa sokoni, na nyingi ya namba hizo hazilindi chochote.

Mchezo wenyewe ni huu. Picha ya Minotaur inatangazwa kuwa na nakala 50 tu. Mnunuzi anaona 7/50, yaani nakala ya saba kati ya 50, kwa penseli chini kushoto, sahihi kulia, anatulia. Asichoambiwa ni kwamba hizo 50 ni za A3 peke yake. Zipo 50 za A4 na 50 za A2, halafu saizi zote tatu zinarudiwa kwenye turubai. Makundi sita mara 50, tayari ni 300. Bado nakala za msanii, zile zenye herufi A.P. Desturi ni takribani asilimia 10 ya toleo, yaani 5 kwa kila kundi, lakini akitoa 20 kwa kila kundi jumla inafika 420. Picha ile ile! Huo ndio uhaba tunaoulipia?

Kugawa toleo si kosa, kosa ni kuficha. Mfululizo wa Vollard wa mchoraji Picasso, wenye huyo huyo Minotaur, ni bamba 100 za chuma za kuchapia alizozichora kati ya 1930 na 1937. Ulichapwa nakala 260 kwenye karatasi ndogo na 50 kwenye karatasi yenye kingo pana zaidi, na hesabu hiyo inajulikana hadi leo. Kwa nini muuzaji wa sasa, mwenye kompyuta, ashindwe kuandika mistari mitatu kwenye cheti?

Wala msitegemee mahakama. Mwaka 2013 huko New York mkusanyaji mmoja wa picha, mwenye nakala za toleo la awali, alishindwa kesi dhidi ya mpiga picha William Eggleston, aliyekuwa ametoa picha zake za zamani upya kwa saizi kubwa na kwa njia ya kidijitali. Jaji aliona hilo ni toleo jingine. Kwa hiyo ahadi ya "50 tu" isiyotaja saizi zote na aina zote za uchapaji ni mbuzi kwenye gunia.

Kinachokera zaidi ni kuuziwa kazi ya printa ya wino wa kunyunyiza kwa maneno ya bamba la shaba. Chukua kioo cha kukuzia mara 10. Vitone vidogo vya rangi vilivyotawanyika ovyo ni printa. Vitone vilivyojipanga kama maua madogo ni ofseti, yaani bango la kawaida. Mchoro wa bamba una wino uliokaa juu ya karatasi, ukiinamisha chini ya taa unauona umeinuka, na pembeni kuna mbonyeo wa bamba. Ila mbonyeo usiutegemee peke yake, wapo wanaoubonyeza baadaye. Na yeyote anayedai bei ya juu kwa 1/50 ya printa anatuibia: faili ni lile lile, nakala ya kwanza na ya hamsini hazina tofauti. Namba ndogo ilipata heshima kwenye michoro ya ncha kavu, yaani inayokwaruzwa moja kwa moja kwenye bamba kwa ncha kali, ambako shinikizo la mashine husaga ukingo wa chuma uliochongwa na mistari inapoteza ulaini wake. Hata huko namba hazifuati lazima mpangilio wa kuchapwa.

Printa yenyewe si dhambi, ikifanywa vizuri. Wino uwe wa pigmenti (chembe za rangi zisizofifia haraka), karatasi pamba asilimia 100, isiyo na asidi, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Karatasi ikiwaka buluu chini ya taa ya UV ina kemikali za kung'arisha weupe, na kadiri zinavyochoka inageuka manjano. Faili nalo: A2 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 4961 kwa 7016. Faili la A4 likivutwa hadi A2 linabaki na nukta 150, ndiyo maana nyoka wa Medusa wanaonekana kama uji.

Halafu maelezo! Unauziwa "Perseus na Kraken" kama hekaya ya Kigiriki. Kraken ni wa Skandinavia. Mnyama wa bahari aliyetumwa kumla Andromeda, binti aliyeokolewa na Perseus, ni Ketos. Na Pegasus, farasi mwenye mabawa, alipandwa na Bellerophon, si Perseus. Anayeuza hekaya azisome kwanza.

Mdai muuzaji haya kwa maandishi kabla ya kulipa: jumla ya nakala kwa saizi zote, idadi ya A.P., njia ya uchapaji, jina la karatasi na wino, na kama faili au bamba litafutwa toleo likiisha. Akijibu "ni toleo maalumu, niamini", ondoka.

Na ninyi mnaobandika chapa nzima kwenye ubao kwa gundi ya moto ili "inyooke", acheni. Haibanduki bila kuumia na thamani inaporomoka. Vipande viwili vya karatasi ya Kijapani juu, kwa gundi ya wanga wa ngano, vinatosha.