Kikundi cha familia: ufa wa chumba cha nyuma, Kiamunyi

JUMAPILI

Nekesa, saa 12:40 jioni
Hamjambo nyote, na heshima zangu kwa Baba Mdogo. Nimeshinda kwa Mama hapa Kiamunyi tangu tulipotoka kanisani, na kuna jambo ambalo naona lisingoje mkutano wetu wa Agosti. Ule ufa wa chumba cha nyuma, ambao wakati wa Krismasi sote tuliuona tukasema ni plasta tu, umekua. Unaanzia kwenye pembe ya chini ya dirisha, unashuka kimshazari kama ngazi ukifuata maungio ya mawe, na unaishia karibu na sakafu kwenye kona ile ya nyuma. Nimejaribu kuingiza kijiti cha kiberiti na kimezama chote bila kukwama. Nimetuma picha tatu. Naomba kila mmoja azitazame kabla ya kusema lolote.

Wafula, saa 12:58 jioni
Asante, Dada, kwa kutuangalilia. Nimeziona picha, lakini naomba tusishtuke mapema. Nyumba ya Mama ina zaidi ya miaka 20, na sijaona nyumba ya umri huo isiyokuwa na ufa mahali fulani. Yule fundi aliyetupakia rangi bado yuko Nakuru, na ameniambia kwamba kwa siku mbili anaweza kuuchokoa ufa, kuujaza saruji na kupaka rangi upya. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hivyo mimi napendekeza tuuzibe wiki hii kabla ya mvua kukolea.

Baba Mdogo Simiyu, saa 1:20 jioni
Wanangu, nawasalimu kutoka Kimilili. Wafula, methali hiyo naijua vizuri, kwa sababu nilipokuwa nashika mwiko niliitumia kuwashawishi watu wanipe kazi. Sasa nisikilize. Kuna mwalimu mmoja huku aliniita nimzibie ufa wa jikoni, ufa wa ngazi kama huo wa Nekesa, na mimi nikauchokoa, nikaujaza, nikaupaka plasta laini hata usingejua ulikuwa wapi. Alinilipa na akanishukuru. Mvua zilizofuata ufa ulirudi palepale, na badala ya kuniita mimi au mtu mwingine aliyejua zaidi, alisogeza kabati mbele yake. Ukuta ule ulianguka usiku ukaangukia meko. Watu wa nyumba ile walikuwa wameenda matangani, ndiyo maana wako hai. Nimeishi na jambo hilo kwa miaka mingi, kwa sababu yule mwalimu aliniamini, nami nilimfichia alama pekee ambayo nyumba yake ilimpa. Naomba ukuta wa mke wa ndugu yangu usiguswe na saruji hadi mtu aliyesomea kazi hiyo auone ukiwa wazi jinsi ulivyo.

Naliaka, saa 1:31 jioni
Hamjambo. Baba Mdogo, asante kwa kutuambia hayo. Mimi huandamana na wahandisi kwenye ukaguzi huku Kisumu, na ingawa kazi yangu ni kushika vipimo na kuandika, nimejifunza maswali wanayouliza kwanza. Shangazi Nekesa, naomba uniangalilie mambo manne kabla giza halijaingia sana. Je, ufa huo unaonekana pia upande wa nje, mahali palepale? Je, ni mpana zaidi juu au chini? Je, pande zake mbili ziko sawa ukipitisha kidole, au upande mmoja umejitokeza? Na milango na madirisha ya chumba hicho yanafungika?

Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye plasta kama utando wa buibui mara nyingi ni za plasta yenyewe ilipokauka, na hizo hazitunyimi usingizi. Ufa unaopita ukuta mzima kutoka ndani hadi nje, unaoanzia kwenye pembe ya mlango au dirisha na kushuka kimshazari, huo mara nyingi unatuambia kwamba sehemu moja ya msingi imeshuka na nyingine imebaki.

Nekesa, saa 1:55 jioni
Nimetoka nje na tochi. Ufa uko nje pia, na umefuata maungio yaleyale ya mawe. Juu karibu na dirisha ni mpana zaidi kuliko chini. Kwa rula ya mtoto nimepata milimita 7 juu na karibu milimita 3 chini. Nikipitisha kidole, upande wa kona umejitokeza kidogo kuelekea nje. Habari za mlango Mama anasema atawaeleza mwenyewe.

Mama, saa 2:04 usiku
Wanangu, mlango wa chumba hicho ulianza kukwama mwezi wa pili. Nilimwita seremala akaupiga randa upande wa juu, ukafungika. Baada ya wiki tatu ukakwama tena, nikamwita akaupiga randa mara ya pili, na sasa ukiutazama umekuwa mwembamba juu upande wa komeo, mpana chini, na bado haufungiki. Mimi nilidhani ni mbao zimefura kwa unyevu. Sikutaka kuwasumbua kwa ajili ya mlango.

Naliaka, saa 2:10 usiku
Bibi, hujatusumbua, na umetueleza jambo kubwa kuliko picha zote. Mbao zikifura kwa unyevu, kiangazi mlango hurudi kawaida. Mlango uliokwama Februari, wakati jua la Nakuru linakausha kila kitu, kisha ukahitaji randa tena na tena upande uleule, unaonyesha kwamba fremu yenyewe imepinda kwa sababu ukuta unaoishikilia umesogea. Tafadhali usiupige randa tena.

Wafula, saa 2:22 usiku
Sikujua habari za mlango. Nakubali hiyo si plasta. Lakini naomba kuelewa: kwa nini kona hiyo moja ishuke baada ya miaka yote hii, wakati nyumba nzima ilijengwa na fundi mmoja kwa msingi mmoja?

Baba Mdogo Simiyu, saa 2:40 usiku
Swali zuri, na jibu lake kwa kawaida ni maji. Nekesa, gata la nyuma likoje?

Nekesa, saa 2:51 usiku
Baba Mdogo, gata limekatika kwenye kona hiyohiyo. Bomba la kushusha maji halipo. Mama anasema lilianguka wakati wa mvua za mwaka jana, na tangu hapo maji ya nusu nzima ya paa yanamwagika chini kwenye kona. Pana shimo ardhini linaloweza kumeza ndoo, na ukuta umelowa na kuota chumvi nyeupe hadi kimo cha goti.

Baba Mdogo Simiyu, saa 3:05 usiku
Basi hapo pana mahali pa kuanzia. Mnajua Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, kati ya Menengai na ziwa, na sehemu kubwa ya udongo wake ni majivu ya volkano. Udongo huo ukiwa mkavu unasimama vizuri hata unaweza kuchimba shimo likakaa bila kubomoka, lakini maji yakiupata kwa wingi mahali pamoja, chembe ndogo zinachukuliwa na maji na udongo unalegea na kuzama. Mimi nilijenga huko miaka miwili na nimeona ardhi ikifunguka baada ya mvua kubwa usiku mmoja mahali ambapo jana yake watoto walicheza mpira. Siwezi kusema kwa hakika ndivyo ilivyo kwa Mama, maana sijaona msingi. Ndiyo maana nataka aitwe anayeweza kuchimba na kuuona.

Naliaka, saa 3:12 usiku
Huku kwetu uwanda wa Kano tatizo ni jingine kabisa: ule udongo mweusi wa mfinyanzi hufura ukinyeshewa na kunywea ukikauka, hivyo nyufa za huku hufunguka Januari na kujifunga mvua zikija, na wenye nyumba hudhani zimepona. Nasema hivi ili mtu wetu wa Ahero asichukue dawa ya Nakuru kutibu nyumba ya Kano. Chanzo kikitofautiana, matengenezo nayo yanatofautiana, na saruji ya fundi haiwezi kujua chanzo.

Shangazi Nekesa, kabla hujalala, naomba umulike chini ya slabu ya veranda, pale tanki lilipowekwa. Tafuta madoa ya rangi ya kutu, au mahali ambapo saruji imebanduka.

Nekesa, saa 3:30 usiku
Yapo. Kuna mstari wa rangi ya kahawia unaonyooka kutoka ukutani hadi katikati, na mahali pamoja saruji imedondoka, chuma kinaonekana kwa urefu wa kiganja changu. Nimegonga pembeni kwa mpini wa kisu na sauti ilikuwa kama ya kugonga debe tupu. Vipande vilivyodondoka Mama alikuwa amevifagia bila kufikiri.

Wafula, saa 3:38 usiku
Tanki hilo nililipandisha mimi. Ni la lita 3,000, na sikumuuliza mtu yeyote kama slabu inaweza kulibeba. Nilimuuliza fundi wa mabomba peke yake, akasema ipo sawa.

Naliaka, saa 3:47 usiku
Baba Wafula, lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo tanki likijaa hapo juu pana tani tatu, mbali na tanki lenyewe. Veranda hiyo ilijengwa kuwa kivuli. Tena maji yanayovuja kwenye bomba hupenya saruji na kufikia chuma. Chuma kikipata kutu hujaa na kuchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko kilivyokuwa, na kwa kujaa huko husukuma saruji na kuibandua kutoka ndani. Kwa hivyo slabu inaongezewa mzigo wakati uleule nguvu yake inapungua. Ningeomba mambo mawili yafanyike bila kungoja mhandisi: tanki lifunguliwe limwage maji yote mbali na ile kona, na mtu asikae wala kupita chini ya veranda. Bibi atumie mlango wa jikoni.

Wafula, saa 3:50 usiku
Nekesa, lifungue sasa hivi. Gharama ya mhandisi nitailipa mimi. Tutampataje aliye wa kweli?

Naliaka, saa 4:06 usiku
Wahandisi nchini husajiliwa na Bodi ya Wahandisi chini ya sheria ya mwaka wa 2011, na orodha yao iko kwenye tovuti ya Bodi, kwa hivyo atakayekuja tumwombe namba yake ya usajili na leseni ya mwaka huu, kisha tuitafute wenyewe. Awe mhandisi wa ujenzi anayeshughulika na uimara wa majengo. Atuandikie ripoti na kuitia sahihi. Na kama inawezekana, asiwe mtu yuleyule atakayelipwa kufanya matengenezo, ili asiwe na sababu ya kuukuza ugonjwa wala kuupunguza.

Sote tunakumbuka lile ghorofa la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 katikati ya mvua kubwa, likaua zaidi ya watu 50, ilhali lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa na watu walikuwa bado wanalala ndani. Nyumba ya Bibi ni ya chini na hali yake si ile. Hata hivyo wajukuu wanaolala chumba cha nyuma wahamie sebuleni kuanzia leo.

Mama, saa 4:15 usiku
Wameshahamia. Magodoro nimeyatandika mwenyewe. Laleni salama, wanangu.

ALHAMISI

Nekesa, saa 11:30 jioni
Mhandisi amekuja asubuhi na kuondoka alasiri. Jina na namba yake Naliaka alikuwa amezithibitisha jana. Hakuanza na ufa. Alizunguka nyumba nzima mara mbili bila kusema neno, akapanda kutazama mbao za paa, akaweka pima-maji kwenye sakafu ya kila chumba. Kisha akaomba kijana achimbe shimo kwenye kona hadi msingi ukaonekana. Udongo uliotoka pale ulikuwa umelowa na kulegea kama unga uliotiwa maji kabla ya kusongwa, na chini ya msingi mkono ulipita hadi kifundo. Kwenye kona ya mbele, ambako gata ni zima, alichimba shimo la pili, na huko udongo ulikuwa mkavu na mgumu.

Amesema chanzo ni maji ya paa. Gata lirudishwe na maji yapelekwe mbali na ukuta kwa mfereji wa saruji. Hilo fundi ameanza leo. Slabu ya veranda imewekewa mihimili ya mbao na ataleta kifaa cha kupimia nguvu ya saruji na kutafuta vyuma vilivyomo kabla ya kuamua kama itatengenezwa au itavunjwa. Tanki lishushwe chini kabisa. Msingi wa kona huenda ukahitaji kuongezewa kina kwa kuchimba na kumwaga zege kipande kwa kipande, lakini hatuagizi kazi hiyo kabla hajajua kama kona bado inashuka au imetulia baada ya maji kukoma. Nilimwuliza kuhusu mitetemeko, kwa kuwa Mama bado anasimulia alivyosikia kwa wazazi wake habari za tetemeko la Subukia la mwaka wa 1928, naye akasema ufa huu hauna dalili hizo.

Amegundisha vipande viwili vya kioo kuvuka ufa, kimoja juu na kimoja chini. Ukuta ukisogea, kioo kitapasuka. Mimi nimeambiwa nichore mistari ya penseli pande zote mbili, nipime nafasi iliyo kati yake kila Jumapili saa ileile, na kuandika tarehe ukutani kando yake. Tutafanya hivyo kwa miezi mitatu.

Baba Mdogo Simiyu, saa 12:02 jioni
Mshukuruni kwa niaba yangu. Na shimo la kona msilifukie kwa udongo uleule uliolowa. Mwulizeni anataka lijazwe nini.

Wafula, saa 12:10 jioni
Yule fundi wa rangi nimemwambia angoje. Jumamosi nakuja kulishusha tanki mwenyewe na vijana watatu.

JUMAPILI

Nekesa, saa 10:00 jioni
Kipimo cha leo: juu milimita 7, chini milimita 3. Vioo vyote viwili ni vizima. Usiku kulinyesha sana na maji yote yamepita kwenye mfereji mpya hadi barabarani. Nimeandika tarehe ukutani. Nitapima tena Jumapili ijayo.