Naomba ushauri: kuaga kundi kwa Kihispania, "os" au "les" (zote "ninyi")?

Wakuu, naandaa karatasi ya maneno ya kuaga kwa waongoza watalii na nimekwama mahali pamoja. "Adiós" (kwaheri) nimeiweka mwisho. Si kosa, ila pale uwanja wa ndege inaweza kusikika kama kuagana kwa mara ya mwisho. "Hasta luego" (tutaonana baadaye) ina kazi nyingi zaidi: Hispania watu humuaga hivyo hata muuza duka wasiyetarajia kumwona tena, na wakiharakisha hubaki "taluego". Herufi h haitamkwi kabisa, ni "asta". Hapo wengi wetu huteleza, kwa sababu Kiswahili hutamka h. "Chau" (kwaheri) husikika sana Argentina na Uruguay, hasa kwa mliozoeana.

Shida ni kulitakia kundi heri. Kwa marafiki wa Hispania ni "que os vaya bien" (mambo yawaendee vyema). Meksiko na Kolombia ni "que les vaya bien", maana huko "os" haimo katika mazungumzo ya kila siku. Kundi likiwa na Wahispania na Wameksiko, wazee kwa vijana, mnatumia ipi? Naelekea "buen viaje" (safari njema), kwa kuwa haimtaji mtu. Je, kwa wazee inatosha, au itanguliwe na "señores" (mabwana)?