Vishoka wa bahati nasibu ya Marekani hapa Dar, mmemnyima mdogo wangu grinikadi mchana kweupe

Wakuu, leo naandika na hasira, mtanisamehe. Mods niachieni uzi wangu, sijamtaja mtu wala duka.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mbagala. Oktoba 2023 akaenda steshenari moja Kariakoo kujaziwa fomu ya DV-2025, ile bahati nasibu ya viza inayompa mtu grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani. Akatozwa elfu thelathini. Fomu yenyewe ilikuwa bure! Bure kabisa, kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Haya, mtu alipwe kwa kuchapa na kupiga picha, hapo sigombi. Ninachogombea ni hiki: jamaa aliweka barua pepe yake mwenyewe, na ule ukurasa wa mwisho wenye namba ya uthibitisho akauprinti, akaubana kwenye faili lake. Mdogo wangu akatoka na kikaratasi cha daftari kimeandikwa kwa kalamu "DV imelipwa". Hakuna mhuri, hakuna sahihi.

Kwa wasiojua, Wamarekani hawakupigii simu wala hawakuandikii kwamba umechaguliwa. Majibu unayaangalia mwenyewe kwenye tovuti ileile kuanzia Mei, na bila namba hiyo huoni kitu. Ukiipoteza unaweza kuitafuta palepale kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe iliyojazwa. Sasa barua pepe ya kishoka utaijulia wapi? Ni sawa na kufungiwa nje ya nyumba yako, ufunguo anao dalali.

Mei 2024 akamuuliza. "Hujatoka dada, jaribu mwakani." Tukanyamaza, bahati nasibu ndivyo ilivyo.

Mwaka uliofuata jamaa mwenyewe ndiye anapiga simu, mpole kweli. Kumbe alimwona kwenye majibu kwamba amechaguliwa, siku nyingi! Masharti yake: milioni tatu apewe namba, au akubali "mfadhili", kijana atakayegharamia kila kitu, mradi wafunge ndoa bomani aingizwe kwenye faili kama mume. Kijana hajawahi kumwona hata kwa picha. Mama aliposikia akavua miwani, akauliza, "Na mahari analeta nani, huyo mwenye duka?"

Ndoa ya kutunga ikibainika kwenye usaili, unaweza kufungiwa viza maisha. Na anayefungiwa ni mwenye pasipoti, siyo mwenye steshenari. Yeye kesho anafungua duka kama kawaida.

Tukabembeleza, tukatisha, tukatuma wazee. Tulipokwenda kushtaki tukaulizwa risiti iko wapi. Tukatoa kile kikaratasi, watu wakacheka. Huku siku zinakwenda, maana viza za DV-2025 zilikuwa na mwisho, 30 Septemba 2025, na hakuna kiporo. Tena viza hazizidi 55,000 kwa dunia nzima, na wanaochaguliwa ni wengi kuliko viza zenyewe, kwa hiyo hata mwenye namba mkononi anapaswa kukimbia. Septemba ikaisha. Jamaa sasa hapokei simu.

Najua atakuja mtu hapa kusema "mngempa tu hiyo milioni tatu". Mkuu, mshahara wa mwalimu unaujua? Na hiyo milioni tatu isingelipia chochote cha safari. Ada ya viza, ambayo ilikuwa dola 330 kwa kila mtu, ililipwa ubalozini siku ya usaili, haikulipwa kwa dalali. Vipimo vya afya juu yako, nauli juu yako. Milioni tatu ilikuwa ya kununua namba yake mwenyewe!

Wewe uliyewahi kujaziwa na hawa jamaa, nenda kadai ule ukurasa na barua pepe aliyotumia. Akileta ngebe simama hapohapo kaunta, wateja wengine wasikie. Na kama ni ile steshenari ya ghorofani yenye bendera ya Marekani mlangoni, njoo PM, natafuta wenzangu.