Nimepata boti la vita la Mwingereza hapa Kigoma. Nianzie wapi kulifufua na kujua historia yake?

Mgebuka Mkavu
Habari za humu wakuu. Mimi ni msomaji tu, sina mazoea ya kufungua nyuzi, ila hili limenizidi kimo. Hata kulala silali vizuri.

Kuna boti la mbao nimelipata upande wa Katonga. Mzee mmoja alikuwa nalo uani, limelala nchi kavu chini ya miembe miaka na miaka, kuku wanatagia ndani. Baba yake mzee huyo (marehemu) alikuwa baharia enzi za mkoloni, na alikuwa akiliita "boti la vita". Nimelipima kwa kamba, linakaribia futi 40. Mbao ni nyekundu inayoelekea kahawia. Si mninga, si mvule. Mafundi wa Kibirizi wameigonga, wameinusa, wakasema hawaijui. Misumari ni ya shaba. Upande wa omo, yaani mbele, staha imeongezewa mbao nene chini yake, kama palifungwa kitu kizito. Mzinga?

Sasa nikasoma habari za Mimi na Toutou, yale maboti mawili ya Waingereza yaliyopigana na Wajerumani ziwani kwetu vita ya kwanza. Nayo yalikuwa futi 40. Nywele zilisimama.

Naomba ushauri: nianze na mbao au nianze na injini? Fundi yuko tayari kuanza kuvua mbao wiki ijayo. Na historia yake naifuatilia wapi ili nipate uthibitisho? Kuna mtu ananisubiri, muda si rafiki.

Kiti Moto Baridi
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa paleee na karanga zangu. Ila mkuu, uzi wa boti bila picha ya boti?

Fundi Taruma
Mimi natengeneza maboti Ukerewe, kwa hiyo sikia. MZUIE huyo fundi. Boti lililolala chini miaka mingi, mkuku wake (uti wa mgongo wa boti) huwa umeshafuata ardhi ilivyo. Ukivua mbao kabla hujalitegemeza, umbo linaondoka na hutalirudisha. Weka magogo chini ya mkuku, yapangwe karibu karibu, kisha miti ya kushikilia mbavu pande zote mbili. Halafu chukua vipande vya plaiwudi uchonge kufuata umbo la nje, kila baada ya mataruma (mbavu za ndani) kadhaa, ili ubaki na kipimo. Baada ya hapo unavua ubao mmoja, unauruka wa pili, unavua wa tatu. Usivue upande mzima kama unamenya ndizi.

Jingine: mbao zimekauka sana. Ukilitia ziwani leo litakunywa maji na kuzama mbele ya macho ya watu. Funika magunia yaliyoloweshwa, lowesha asubuhi na jioni mpaka mbao zivimbe, ndipo uzungumzie kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao.

Injini ipo? Ya aina gani?

Mnyamwezi wa Isevya
Mkuu umenikumbusha mbali. Huku Tabora mambo ya Mjerumani ndiyo ugonjwa wetu. Unajua mwaka 1916, Mjerumani alipobanwa, alitengeneza sarafu za dhahabu hapa hapa Tabora, za rupia 15, zina tembo? Basi mjomba wangu aliambiwa na mganga kwamba kuna sanduku zima chini ya mwembe wake. Alichimba mpaka mwembe ukaanguka ukaziba jiko la jirani. Alichopata ni sufuria la bati na kesi ya kulipa jiko.

Kwa hiyo ushauri wangu: angalia chini ya boti, si ndani.

Mwalimu Mstaafu
Mtoa mada, nimefundisha historia miaka mingi, na Mimi na Toutou nawajua vizuri. Yalitengenezwa na kampuni ya Thornycroft huko Uingereza, mbao za mahogani, injini mbili za petroli za nguvu za farasi 100 kila moja. Mzinga wa Hotchkiss mbele, bombomu (bunduki ya rashasha) ya Maxim nyuma. Mwaka 1915 yakapakiwa meli mpaka Cape Town, reli mpaka Fungurume kule Kongo, kisha yakavutwa porini kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, ndipo yakafika ziwani upande wa Lukuga, leo Kalemie. Mkuu wao alikuwa Kamanda Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata Kingani ya Mjerumani, wakaipa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Sasa maswali, na ujibu yote. Matundu ya shafti, ule mhimili wa kuzungusha propela, ni mangapi? Injini ina kibati cha namba? Mtengenezaji ni nani? Injini ndiyo cheti cha kuzaliwa cha boti la aina hii. Ukinipa namba, kuna watu wanaoweza kukwambia ilitoka kiwandani mwaka gani.

Mgebuka Mkavu
Asanteni sana wakuu, Fundi Taruma ubarikiwe. Picha zinagoma kupanda, mtandao wa huku leo mnaujua wenyewe. Suala la injini tutakuja huko, kwa sasa kichwa kinaniuma kwa mbao. Je, nikifunika fiberi juu kwa juu bila kuvua kitu? Kuna jamaa kanishauri.

Fundi Taruma
Fiberi juu ya mbao kavu na iliyooza? Uozo utaendelea kwa ndani huku wewe unapiga picha za nje. Hapana.

Mama Nuru
Mimi swali langu ni dogo, mdogo wangu. Hela ya kununua boti bovu la mkoloni umetoa wapi, na huyo "mtu ananisubiri" ni nani? Wanaume mkianza kusema muda si rafiki, mimi najua kuna mwanamke nyumbani hajaambiwa kitu.

Mjukuu wa Liemba
Babu yangu alikuwa analisha tanuru kwenye Liemba kabla haijawekwa injini za dizeli. Alikuwa anasema ile meli ina roho. Mnajua ilikuja kutoka Ujerumani ikiwa vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito, wakijua kuna siku mtu atairudia. Waingereza wakaiibua 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Babu alikuwa akifika hapo kwenye grisi anatulia kwanza, anatuangalia mmoja mmoja. Alikufa bila kulipwa mafao yake yote, lakini hiyo ni habari nyingine, nitaifungulia uzi.

Mwalimu Mstaafu
Mtoa mada, nimekuuliza injini. Hujajibu. Na matundu ya shafti hujajibu.

Mgebuka Mkavu
Tundu ni moja, Mwalimu. Ila inawezekana la pili lilizibwa, kuna mahali ubao una rangi tofauti.

Injini haipo.

Mwalimu Mstaafu
Haipo tangu lini? Umelikuta hivyo?

Mgebuka Mkavu
Basi niseme. Nilipolinunua injini ilikuwamo, moja, imeshikana kutu, haizunguki hata kwa nyundo. Niliiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu wa Mwanga. Kibati kilikuwepo, cha shaba nyeusi, kina maandishi, sikuyasoma. Wakakivunja wakakipima kando kwa sababu shaba ina bei yake.

Kabla hamjaanza kunishambulia, niulizeni kwanza ningelitoa vipi Katonga. Ile hela ndiyo iliyolipa vijana wa kusukuma, magogo na fuso. Ningekaa na injini iliyokufa, boti lenyewe lingekuwa bado chini ya miembe na kuku. Mama Nuru, anayesubiri ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye alitoa hela ya boti la dagaa, na hili pia ni boti, likipona litavua dagaa au litabeba watalii, vyovyote hela yake itarudi. Sioni kosa hapo.

Mama Nuru
NILISEMA MIMI.

Mjukuu wa Liemba
Mjerumani anakimbia risasi, anapata muda wa kuipaka injini grisi. Wewe umekaa kwa amani chini ya mwembe, ukaiweka kwenye mizani.

Kiti Moto Baridi
Kilo ngapi lakini?

Mnyamwezi wa Isevya
Usimcheke mwenzio. Mjerumani naye Tabora alikata maganda ya risasi akatengenezea sarafu za heller. Chuma chakavu ni urithi wetu.

Baba Sheria
Naona hakuna anayegusa jambo la msingi. Mkataba wa mauziano upo? Mashahidi? Mzee huyo ana nyaraka gani za umiliki? Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kabla ya kuendelea, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri uandike barua, nakala ubaki nayo. Na likiwa la kubeba abiria, TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, lazima walikague. Wewe unaongea habari za watalii wakati boti halijui hata limezaliwa wapi.

Inspekta Uzi
Samahanini, mimi nitakuwa mbaya. Hii ni CHAI.

Angalieni. Futi 40, mbao nyekundu, mbao nene za mzinga: kila kitu kinafanana na Mimi na Toutou kwa sababu ameshasoma habari zake kabla ya kufungua uzi, amekiri mwenyewe. Picha hazipandi, lakini maandishi marefu yanapanda. Injini ilikuwepo, imeuzwa. Kibati kilikuwepo, kimevunjwa. Tundu la pili lilikuwepo, limezibwa. Ushahidi wote ulikuwepo jana. Akaunti yenyewe mpya kabisa. Muda wowote kutoka sasa atatuletea namba ya simu ya kuchangia "urithi wa taifa".

Kiti Moto Baridi
Leteni vitumbua, chai imeiva.

Mama Nuru
Hata mimi nilianza kushuku pale kwenye kuku. Kuku hawatagi kwenye boti, wanataga jikoni.

Fundi Taruma
Mama, kwangu wanatagia kwenye boti.

Inspekta Uzi
Na Katonga nimeishi. Sijawahi kuona boti la aina hiyo.

Bangwe Juu
Inspekta, Katonga uliishi lini? Mimi leo nilikuwa na safari zangu huko nikaulizia. Lilitolewa kweli, alama za magogo bado zipo ardhini, na sasa liko Kibirizi nyuma ya wachoma samaki. Nimeligusa kwa mkono wangu. Lina rangi ya bluu iliyobanduka, chini yake nyeupe, chini yake kijivu. Tundu la shafti ni moja, katikati kabisa, chini ya tezi, yaani nyuma. Hiyo sehemu ya rangi tofauti ni kiraka, na kiko ubavuni, juu ya usawa wa maji. Shafti haiwezi kutokea hapo labda boti lilikuwa linaruka.

Jirani wa yule mzee anasema lilikuwa la misheni, likibeba mapadri na magunia ya chumvi. Jirani mwingine anasema la bwana samaki wa kikoloni. Wakaanza kugombana nikaondoka.

Inspekta Uzi
Sawa, boti lipo. Vita bado ni chai.

Mgebuka Mkavu
Asante Bangwe Juu, angalau sasa sionekani tapeli. Lakini rangi ya kijivu si ndiyo ya jeshi? Na mbao nene za omo mbona hamzisemi?

Bangwe Juu
Mbao nene nimeziona. Zina matundu mawili yaliyosagika pembeni, kama kamba au mnyororo ulikuwa unapita. Mimi nimeona winchi ya nanga, sijaona mzinga.

Mwalimu Mstaafu
Shafti moja katikati inaondoa Mimi na Toutou, hayo yalikuwa na injini mbili na propela mbili. Lakini haiondoi vita. Baada ya Julai 1916 Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, mpaka 1921 ndipo ikaenda kwa Mwingereza. Boti lililofanya kazi hapa miaka ile, karatasi zake hutazikuta Dar. Tafuta Brussels, makumbusho ya jeshi. Kama ni la Mwingereza, nyaraka za jeshi lake la majini ziko Kew, London, kwenye mafaili yanayoanza na ADM. Likiwa la serikali au la misheni baada ya hapo, ndipo uende Kumbukumbu za Taifa.

Sasa fanya hivi kabla fundi hajagusa kitu. Ingia ndani, tafuta boriti kubwa inayokata boti kwa upana. Kwangua rangi taratibu, kwa kipande cha chupa, usitumie msasa wa mashine. Maboti yaliyosajiliwa kwa sheria ya Mwingereza yalichongwa namba na uzito wa tani kwenye boriti hiyo.

Mgebuka Mkavu
Wakuu, zipo! Zimechongwa kwa patasi. Ya kwanza ni 1, ya pili kama 4 au 1 nyingine, tatu zinazofuata zinasomeka, ya mwisho imeoza. Pembeni kuna namba nyingine ndogo. Picha imekubali, angalieni.

Inspekta Uzi
Nimeona. Naondoa neno chai, naacha sukari.

Mwalimu Mstaafu
Vizuri sana. Tarakimu sita, na hizo ndogo bila shaka ni tani. Ila usishangilie upande usio wako: manowari hazisajiliwi kwenye daftari la meli za kiraia. Namba hiyo inasema boti lako lilikuwa la kiraia siku ilipochongwa. Ama halijawahi kuona vita, ama jeshi liliuza likasajiliwa baadaye. Iliyooza ina uwezekano kumi tu, daftari linatafutika. Nitumie picha ya mwanga wa pembeni, jioni, vivuli vitaonyesha mkato.

Na boriti hiyo isitolewe. Fundi wako anaweza kuiona ni ubao uliooza tu.

Mgebuka Mkavu
Nimeelewa Mwalimu. Tatizo fundi ameshachukua malipo ya awali, na shemeji anakuja Jumamosi kuangalia "boti la dagaa" lilipofikia. Nimekubaliana na fundi aanze upande wa kushoto tu, boriti asiiguse.

Fundi Taruma
Magogo chini ya mkuku umeweka?

Mgebuka Mkavu
Kuna matairi.

Fundi Taruma
Nitumie namba ya huyo fundi inbox. Sasa hivi.