Mjadala: Ukikata sekunde mbili za wimbo wa mtu ukaziweka kwenye mashapu (mashup) yako, umeiba au umetunga?

Wakuu habari zenu. Naona watu wanabishana sana kuhusu hizi video za mashapu, zile mtu anachukua kipande cha filamu, klipu ya hotuba, biti ya wimbo huu na sauti ya wimbo ule, anakata anaunga mpaka kinatoka kitu ambacho hakikuwepo kabla. Kuna wanaosema huo ni wizi mtupu, omba ruhusa au acha, na kuna wanaosema kitu kikishaingia mtandaoni ni cha wote. Mi siko na kundi lolote kati ya hayo mawili. Naona mwenye kazi asiwe na nguvu ya kuzuia kila kipande, ila hela ikiingia alipwe, na alipwe kwa njia ambayo kijana mwenye laptop anaiweza bila kuajiri wakili.

Kwanza hii imani kwamba ukichukua chini ya sekunde 10 au 30 uko salama, iacheni. Sheria ya Marekani, ambayo ndo inabeba majukwaa mengi tunayotumia, haina hesabu ya sekunde. Inaangalia umetumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani na umemharibia mwenyewe soko kiasi gani. Na kuandika chini ya video kwamba huna nia ya kuvunja hakimiliki hakukusaidii kitu.

Sasa angalieni mahakama zenyewe zinavyopishana. Mwaka 2005 mahakama moja ya rufaa huko Marekani ilihukumu kesi ya kipande cha gitaa cha sekunde mbili ikasema chukua leseni au usisampuli, yaani usikate kipande cha rekodi ya mtu, basi. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa, nchi hiyohiyo, kwenye kesi ya wimbo wa Madonna, ikasema kipande cha tarumbeta cha sekunde 0.23 ni kidogo mno hakina kesi. Ulaya nako kundi la Kraftwerk lilimburuza prodyuza mmoja kwa sekunde mbili za ngoma za mwaka 1977 alizozirudia kwenye wimbo wa 1997, kesi ikazunguka mahakamani zaidi ya miaka 20, na 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema ukibadilisha kipande mpaka sikio haliwezi kukitambua hapo hujakopi. Yaani majaji waliosomea hii kitu wanapishana hivyo halafu tunategemea mtu anayeediti video usiku chumbani kwake ajue mpaka uko wapi?

Na hiyo ya kuomba ruhusa wanaoisema hawajawahi kuiomba. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili, ya utunzi na ya ile rekodi yenyewe, na mara nyingi wenyewe ni watu tofauti. Ukichanganya nyimbo 10 tayari unatafuta ruhusa 20, hapo hujagusa picha, na hakuna anayelazimika hata kukujibu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Tangu 1909 sheria ya Marekani inaruhusu mtu yeyote kuurekodi upya wimbo uliokwisha kutoka, mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila mtunzi kukubali, alimradi alipe kiwango kilichopangwa. Hiyo ndo leseni ya lazima na muziki haujafa. Ila ukitaka sekunde mbili za rekodi, au ukitaka kuweka wimbo chini ya picha, leseni hiyo haikuhusu, mwenyewe akisema hapana ni hapana, akisema milioni ni milioni. Kwa nini kikubwa kiwe na njia na kidogo kisiwe nayo?

Halafu siku hizi anayehukumu ni mashine, hufiki hata kwa jaji. Content ID ya YouTube ilianza 2007, inalinganisha video yako na mafaili waliyopeleka wenye haki, ikikuta inafanana mwenye haki anachagua izuiwe, au hela ya matangazo iende kwake, au aiache aangalie takwimu tu. Mashine inajua kipande kipo, haijui umekifanyia nini. Ukipinga, anayejibu kwanza ni yuleyule aliyekudai na ana siku 30 za kujibu. Ikifika kwenye straiki, yaani onyo rasmi la hakimiliki, ni tatu ndani ya siku 90 chaneli inaondoka, kwa hiyo watu wananyamaza hata wakiwa na haki. Kuna mama Marekani video ya mwanae anacheza muziki wa Prince, sekunde 29, iliondolewa 2007 na ilichukua mpaka 2015 mahakama ya rufaa kusema mwenye haki lazima afikirie kwanza kama matumizi ni halali kabla ya kutuma barua ya kutaka video iondolewe.

Ila na nyie wa "ni cha wote" sikieni. Ule mlio wa ngoma wa sekunde kama 7 uliopigwa na Gregory Coleman wa bendi ya The Winstons mwaka 1969 umesampuliwa kwenye maelfu ya nyimbo, umezaa aina nzima za muziki, na Coleman alifariki 2006 hana makazi. Mwaka 2015 mashabiki walichanga pauni 24,000 wakampa kiongozi wa bendi, Richard Spencer. Watu walikuwa tayari kulipa, njia ndo haikuwepo. Na hata mrabaha ungekuwepo ungefuata jina la mwenye hakimiliki, mpiga ngoma angebaki palepale, kwa hiyo mfumo wowote mpya lazima uwataje wapigaji.

Naongezea baada ya kusoma majibu.

Mmoja kauliza si utengeneze biti yako mwenyewe. Kaka, kama nataka kuonyesha filamu fulani inavyowadhalilisha wanawake siwezi kuigiza scene zangu, nahitaji zilezile. Ndo maana mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kazi ya kudhihaki wimbo inaweza kuwa halali hata kama inauzwa.

Dada mwingine kasema mtunzi ana haki ya kukataa kazi yake isiwekwe kwenye siasa chafu au matusi. Hapo nakubali kabisa, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda heshima ya mtunzi na hiyo nguvu ya kukataa ibaki.

Aliyesema haya hayatekelezeki, Kanada wameruhusu kuchanganya kazi za watu hivi tangu 2012, mradi huuzi, unataja chanzo inapowezekana, humharibii mwenyewe soko. Ujerumani mwaka 2021 waliweka sheria kwamba klipu isiyozidi sekunde 15, isiyofika nusu ya kazi nzima na ikiwa imechanganywa na vitu vingine bila biashara, mashine isiizuie moja kwa moja, na jukwaa ndo linalipa, sio aliyepakia. Hii naipenda sana maana hata wewe usipopata senti jukwaa linaweka matangazo.

Kilichobaki bila jibu humu ni mgao. Video yenye vipande 40 tugawe hela kwa sekunde au kwa uzito? Ngoma ya sekunde chache ikirudiwa dakika nne inabeba wimbo wote, na klipu ndefu inayopita nyuma bila mtu kuiona haibebi chochote. Mi nasema uzito, ila apime nani, na mwenye kipande akikataa kipimo aende wapi? Maprodyuza na maeditor mliopo semeni.